Jua na Maji ya Ziwa

Kila mji uliojengwa kando ya maji una historia mbili. Ya kwanza ni historia ya watu wake: nani alifika, nani alitawala, na nani alifanya biashara. Ya pili ni historia ya maji yenyewe: yalitekwa wapi, yalitumiwaje, na baada ya kutumiwa yalikwenda wapi. Historia ya kwanza huandikwa vitabuni na kusomwa shuleni. Ya pili aghalabu husahauliwa, ijapokuwa uhai wa mji huitegemea zaidi. Insha hii yaeleza sehemu ya historia hiyo ya pili kama ilivyotokea Kisumu na katika ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, na jinsi elimu ya mwanga ilivyokuja kuhusika nayo.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufuoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901. Waingereza walipaita mahali hapo Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli; wenyeji walikuwa na jina lao, Kisumu, nalo ndilo lililobaki. Waluo waliliita ziwa lenyewe Nam Lolwe. Walivua samaki wake, walinywesha ng'ombe wao humo, na maji ya nyumbani waliyachukua kwa mitungi. Watu walikuwa wachache, na ziwa lilikuwa kubwa mno, kilometa za mraba zipatazo 68,800. Taka ndogo zilizoingia humo zilimezwa, wala hapakuwa na mtu aliyeziona tena.

Mji ulipokua, mambo yaligeuka. Ziwa ni kubwa, lakini Kisumu haikukaa mbele ya ziwa zima. Imekaa mwishoni mwa Ghuba ya Winam, ambayo ni mkono mrefu wa maji ulioingia ndani ya nchi, na ambao huungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga. Kina cha ghuba hiyo ni kidogo, na maji yake hubadilika polepole. Mto Nyando huiletea udongo kutoka nchi za juu, na Mto Kisat hupita mjini kabla ya kuingia humo. Kampuni ya maji ya mji, KIWASCO, huvuta maji ya ziwa penye Dunga, na mengine huyapata katika Mto Kibos upande wa Kajulu. Maji taka husafishwa katika mtambo wa Kisat na katika mabwawa ya Nyalenda, kisha huelekea ghuba ile ile. Tena ziko nyumba nyingi ambazo mifereji ya maji taka haijazifikia. Katika mitaa kama Manyatta, choo cha shimo na kisima huweza kuwa majirani wa karibu. Hivyo ghuba moja imekuwa mtungi wa kunywea na beseni la kunawia kwa wakati mmoja.

Hatari ya kwanza ya hali hiyo ilikuwa vijidudu. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998 mkoa wa Nyanza ulipata pigo kubwa: wagonjwa 14,275 waliingizwa hospitalini, na 547 kati yao walikufa. Wachunguzi walipouliza kwa nini wengine waliugua na wengine walisalimika, jambo moja lilijitokeza wazi: kunywa maji ya Ziwa Victoria kulihusiana na ugonjwa huo. Maji yale hayakuwa na alama yoyote ya kumwonya mnywaji. Mtu aliweza kuyatazama, kuyanusa na kuyaonja, asipate habari yoyote ya kifo kilichokuwamo.

Watu walijifunza kupigana na adui huyo asiyeonekana. Walichemsha maji, na waliotia klorini walitia klorini. Katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, ambako maji ya kunywa mara nyingi huwa na tope, wataalamu walijaribu unga wenye kazi mbili, kukusanya tope lizame chini na kuua vijidudu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa watu waliotumia njia za kusafisha maji nyumbani walipungukiwa na magonjwa ya kuhara.

Jua nalo liliitwa kusaidia. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, nchini Lebanoni, walieleza kwamba mwanga wa jua huweza kuua vijidudu katika maji yaliyotiwa katika vyombo vipenyavyo mwanga. Mwaka 1996 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa hapa Kenya, kwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado. Watoto wa kundi moja waliweka chupa zao za maji juani juu ya paa, na wa kundi la pili waliweka zao ndani ya nyumba. Waliokunywa maji yaliyokaa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Ndipo ilipodhihirika kwamba jua, ambalo maskini na tajiri hulipata sawasawa, ni mfanyakazi wa afya.

Kama historia ingaliishia hapo, insha hii ingalikuwa fupi. Walakini mwanadamu alikuwa amepata silaha nyingine dhidi ya vijidudu, nayo ni dawa zinazoitwa viuavijasumu, au antibiotiki kama wengi wasemavyo. Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza dawa ya kwanza ya jamii ya salfa mwaka 1935. Kabla yake, mwaka 1928, Alexander Fleming alikuwa ameona huko London jinsi ukungu ulivyozuia bakteria kuota, na kutokana na ukungu huo ikapatikana penisilini. Mwaka 1968 ilianza kuuzwa dawa iliyounganisha mbili ndani ya kidonge kimoja, sulfamethoksazoli na trimethoprimu. Mchanganyiko huo huitwa kotrimoksazoli, na wagonjwa wengi wa Kenya huujua kwa jina la Septrin.

Dawa hiyo ina heshima yake katika nchi ya ziwa. Ukimwi ulipoenea, Nyanza iliumia kuliko sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2000 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalishauri kwamba watu wa Afrika wanaoishi na virusi vya Ukimwi wapewe kotrimoksazoli kila siku, ili wakingwe na maradhi yanayonyemelea mwili uliodhoofika. Baadaye, dawa za kupunguza makali ya virusi zilipopatikana, wataalamu waliuliza kama wagonjwa waliopata nafuu wangeweza kuacha kotrimoksazoli. Jaribio lilifanywa Homa Bay, kwenye ufuo wa ziwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016: walioacha dawa waliugua zaidi, hasa malaria. Basi, vidonge hivyo si adui. Watu wengi wanaotembea, wanaovua na wanaolima leo wako hai kwa sababu yavyo.

Lakini kidonge kikishamezwa huenda wapi? Mwili hautumii dawa yote. Sehemu hutoka pamoja na mkojo ikiwa nzima au ikiwa imegeuzwa kidogo tu. Kutoka chooni huingia katika mfereji wa maji taka au katika shimo, na kutoka huko huweza kupenya mpaka mtoni, kisimani au ziwani. Yako pia maji ya hospitali, na dawa zilizopita muda ambazo watu huzitupa chooni wakidhani wamezimaliza. Mgonjwa mmoja hutoa kiasi kidogo. Mji wenye watu mamia ya maelfu, kila siku ya mwaka, hutoa kiasi ambacho hakiwezi kudharauliwa.

Kwa miaka mingi jambo hili halikujulikana kwetu, kwa sababu hapakuwa na aliyelipima. Mwaka 2016 zilichapishwa kazi mbili ambazo mwanafunzi wa historia ya ziwa hana budi kuzikumbuka. Katika moja, wanasayansi wa Kenya na wa Ubelgiji walitafuta dawa 24 katika maji taka, mito na visima vya Nairobi na Kisumu. Sulfamethoksazoli ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoonekana mara kwa mara, pamoja na dawa zitumiwazo na wagonjwa wa Ukimwi. Hata visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo vilikuwa na mabaki, ijapokuwa kwa kiasi kidogo kuliko mito. Katika kazi ya pili, wanasayansi wa Kenya walipima viuavijasumu katika mitambo ya maji taka, katika mabwawa ya hospitali na katika mito ya bonde la Ziwa Victoria, nao wakavikuta humo. Mwaka 2022 uchunguzi mkubwa wa dunia, uliohusu mito 258 katika nchi 104, ulithibitisha kwamba tatizo hili si la Kisumu peke yake.

Msomaji aweza kuuliza: je, kiasi hicho kidogo chaweza kumdhuru mtu? Kipimo chake ni mikrogramu katika lita moja ya maji, yaani sehemu za milioni za gramu. Mtu hawezi kunywa bilauri ya maji hayo akaanguka. Hatari yake ni ya namna nyingine. Bakteria waishio katika maji yenye dawa kidogo hawafi wote. Wale wenye uwezo wa kuistahimili hubaki, huzaana, na huweza kuwapa bakteria wengine siri ya ustahimilivu wao. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo hafifu huwafundisha vijidudu kuishinda. Onyo lake limetimia. Imekadiriwa kwamba mwaka 2019 watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa maambukizo ya bakteria walioshinda dawa. Ufuo wa ziwa unaotegemea kidonge cha bei nafuu ndio utakaoumia zaidi kidonge hicho kikikosa nguvu.

Je, mabwawa ya Nyalenda hayatoshi? Mabwawa hayo hufanya kazi njema, tena kwa msaada wa jua. Miani ya kijani huota humo kwa mwanga, hutoa oksijeni, na bakteria wema hutumia oksijeni hiyo kula uchafu. Miale ya jua huua vijidudu vingi. Lakini mabwawa ya namna hiyo hubuniwa kwa ajili ya uchafu wa kawaida na vijidudu, si kwa ajili ya molekuli za dawa, ambazo baadhi yake huyapita zikiwa salama. Kuchemsha maji nako huua vijidudu, lakini sulfamethoksazoli huvumilia joto la maji yachemkayo. Maarifa yaliyomshinda adui wa kwanza hayamtoshi adui wa pili.

Hapa ndipo yanapoingia maarifa ya vichocheo vya mwanga. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kumalizika. Mwaka 1967 kijana mmoja wa Kijapani, Akira Fujishima, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, chini ya mwalimu wake Kenichi Honda. Alitia kipande cha dioksidi ya titani ndani ya maji, akakimulika kwa mwanga mkali, na viputo vya gesi vikatokea. Mwanga ulikuwa ukiyagawa maji kuwa oksijeni na hidrojeni. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1972, na watu walizipokea kwa shauku kwa kuwa walitamani kupata mafuta kutokana na maji. Hawakuwa wakifikiria maji taka. Lakini mwaka 1977 Steven Frank na Allen Bard wa Marekani walionyesha kwamba unga wa titani na mwanga huweza kuharibu sianidi, sumu kali, iliyomo majini. Tangu hapo watafiti wa nchi nyingi wakaanza kujaribu njia hiyo juu ya sumu za kila namna, na baadaye juu ya viuavijasumu.

Namna ya kazi yake si ngumu kueleweka. Ndani ya chembe ya dioksidi ya titani zimo elektroni zilizotulia mahali pake. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga chembe, elektroni moja huruka kutoka mahali pake, ikaacha tundu. Tundu hilo lina njaa ya elektroni, nalo huzinyang'anya molekuli za maji zilizo karibu. Elektroni iliyoruka nayo hukamatwa na oksijeni. Katika purukushani hiyo huzaliwa vipande vikali viitwavyo haidroksili huru. Uhai wao ni mfupi kuliko kufumba jicho, lakini katika muda huo hushambulia molekuli yoyote ya dawa iliyo jirani na kuikatakata. Kazi ikienda mpaka mwisho, karibu yote iliyobaki ni maji, gesi ya kaboni dioksidi na chumvi kidogo. Chembe ya titani hubaki kama ilivyokuwa, tayari kwa mwanga mwingine.

Huko Almería, kusini mwa Hispania, njia hii imejaribiwa nje juani tangu mwaka 1990, kwa mabomba yaliyowekewa vioo vya kukusanya miale. Kisumu ipo karibu kabisa na Ikweta, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,100, nayo haina upungufu wa jua. Tena Kenya yenyewe ilikuwa na titani: kuanzia mwaka 2013 mpaka mwisho wa 2024, mchanga wenye madini hayo ulichimbwa Kwale, pwani, na madini yakapakiwa melini kwenda nchi za nje. Titani nyingi duniani huishia katika rangi nyeupe ya kupaka kuta.

Hata hivyo, haifai mwanafunzi aondoke na furaha isiyo na kipimo. Pana vikwazo, na vya Winam ni vizito. Kwanza, mwanga hauna budi kukifikia kichocheo, na maji ya ghuba yana tope na miani. Kwa hiyo njia hii haiwezi kulisafisha ziwa lenyewe, ila maji taka yaliyokwisha kuchujwa kabla hayajaingia ziwani. Pili, dioksidi ya titani ya kawaida hutumia miale ya urujuanimno tu, ambayo ni kama sehemu 5 katika kila 100 za mwanga wa jua. Tatu, unga ulio laini sana huwa kazi kuutoa majini, na ukigandishwa juu ya kioo au vigae, nguvu yake hupungua. Nne, kazi ikikatizwa katikati, dawa huvunjika vipande ambavyo navyo sharti vichunguzwe. Tano, uchafu mwingine ulio majini hugombea vile vipande vikali, na kuiacha dawa.

Wataalamu wanaendelea kuvishambulia vikwazo hivyo kimoja kimoja. Mwaka 2001 Wajapani walionyesha kwamba titani ikitiwa nitrojeni huweza kutumia sehemu ya mwanga uonekanao kwa macho. Mwaka 2009 ilitangazwa kazi ya nitridi ya kaboni, unga wa manjano unaotenda kazi kwa mwanga uonekanao, na ambao huweza kupatikana kwa kuchoma yurea, ile ile inayotumiwa shambani kuwa mbolea. Lakini kati ya bilauri ya maabara na mfereji wa mji pana safari ndefu. Uswisi, nchi tajiri, ilipoweka sheria mwaka 2016 ya kuondoa mabaki ya dawa katika mitambo yake mikubwa ya maji taka, ilitegemea ozoni na mkaa maalumu, si vichocheo vya mwanga.

Tufanye nini basi, wakati mwanga ungali ukijifunza kazi? Busara yatuambia tuanzie kwenye chanzo. Maji ya hospitali ni machache kuliko ya mji mzima, na katika kila lita yake dawa huwa nyingi zaidi. Hapo ndipo kichocheo cha mwanga kingepata kazi iliyo saizi yake, kwa kuwekwa mwishoni baada ya uchafu wa kawaida kuondolewa. Mabwawa na mifereji ya mji yapasa kutunzwa na kuongezwa, kwa maana hakuna kichocheo kitakachosaidia maji taka yasiyofika mtamboni. Dawa iliyopita muda irudishwe penye duka la dawa au zahanati, isitupwe chooni. Kiuavijasumu kisinunuliwe kwa kila mafua, na anayeandikiwa atumie kama alivyoagizwa. Zaidi ya yote, kupima kusikome. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mji usiopima maji yake huyaficha maradhi yake mwenyewe.

Katika historia hii kila kizazi kilipewa jambo moja lisiloonekana, kikatakiwa kulitambua. Walioishi wakati wa kipindupindu walitakiwa kutambua kijidudu ndani ya maji yaliyong'aa. Waliofuata walitakiwa kutambua dawa iliyookoa maisha ikibaki majini baada ya kazi yake. Kijana wa Tokyo hakujua kwamba viputo vyake vingekuja kutajwa katika habari za Nyalenda na Kisat. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa leo wa Kisumu, Siaya, Homa Bay au Migori asomaye kemia hajui ni wapi kazi yake itafika. Ghuba ya Winam inahitaji watu watakaojua tope lake, miani yake na jua lake kwa kuzaliwa kando yake, na watakaojua molekuli kwa kusoma. Wakipatikana watu hao, jua lichomozalo kila siku upande wa Nyando litakuwa limepata wa kulielekeza kazini.